Mji Alioutoa Ticha

Mji ulitolewa saa sita mchana, jua likiwa utosini, mbele ya watoto ishirini na mmoja waliokaa sakafuni katika darasa lisilo na dawati hata moja. Aliyeutoa alikuwa msichana wa chuo, aliyekuja kijijini kujitolea kufundisha kusoma wakati wa likizo. Watoto walimwita Ticha. Yeye, moyoni, aliwaita vichwa vigumu. Wala hakuletwa na mapenzi, alikuwa anakwepa. Mama yake, fundi cherehani, alimwomba likizo hii arudi nyumbani, lakini kwao kulishamtoka rohoni: cherehani ile ile, vipande vya vitambaa vile vile, maswali yale yale. Akamjibu kwa ujumbe mfupi: "Nina kazi, mama."

Siku hiyo somo lilipochosha, watoto waliomba vitendawili. Ticha akakubali shingo upande. Alitegua vitano bila kutoka jasho, mpaka akasimama Sisimizi, binti wa miaka tisa anayelelewa na shangazi yake, mdogo wa umbo na mchache wa maneno.

"Kitendawili!"

"Tega!" darasa likaitika.

"Kila asubuhi kinatandikwa, kila usiku hakilaliwi."

"Mkeka wa wageni," akasema Ticha.

"Siyo."

"Meza?"

"Siyo!" Sasa walijibu wote, huku wameshika mbavu.

"Ticha kasoma mpaka kapitiliza!" mmoja akapiga kelele. "Toa mji, Ticha!"

Ndivyo mchezo unavyokwenda: ukishindwa, unampa mtegaji mji, naye anakwenda huko kwa maneno, kisha anasimulia alichokikuta. Watu hutoa miji mikubwa, ya mbali, isiyo yao. Ticha, kwa haraka na dharau kidogo, akautaja mji wa kwao.

"Chukua. Mimi sina haja nao."

Kicheko kikakatika.

"Wa kwenu?" akauliza mtoto wa mbele, kwa sauti ya kunong'ona. "Ticha, wa kwenu hautolewi."

Sisimizi alikwisha fumba macho. "Nimekwenda," akasema. "Nimefika. Nimepitia mlango wa uani, ule wa bati, unaosukumwa kwa goti. Nimemkuta mama anashona gauni la kijani. Mguu wa kushoto kaufunga kitambaa, anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Amenipa maji. Amesema, umechelewa, mwanangu."

Habari za mlango ule Ticha hakuwahi kumsimulia mtu. Akatoka nje, akapiga simu.

"Mama, ni mimi. Umeumia mguu?"

"Nani mwenzangu?" Sauti ilikuwa ya mama, ila kwa upole ule anaowapa wateja wageni.

"Mimi, mwanao!"

"Umekosea namba, binti. Mwanangu ninaye hapa, ananitungia uzi kwenye sindano."

Nyuma ya sauti hiyo, mtoto alicheka. Ticha akageuka kutazama dirishani. Sisimizi alikuwa amesimama pale pale, macho kayafumba, vidole viwili vimebana kitu kisichoonekana, ncha ya ulimi imetoka pembeni ya mdomo, kama mtu anayelenga tundu dogo.

Akarudi ndani. "Nirudishie mji wangu."

"Mpaka utegue," wakamwambia wenzake Sisimizi. "Hapa jibu halitolewi."

Tangu aje, Ticha hakuwahi kukaa chini. Sasa alikaa, vumbi na yote, bega kwa bega nao. "Nisaidieni, jamani. Nyinyi mnalijua?"

Wakatazamana. "Kwetu kipo kimoja," mmoja akasema. "Cha kaka."

"Kwetu viwili."

"Bibi anakung'uta shuka kila siku," akasema mwingine, "halafu anakaa, anakitazama tu."

Ticha akawaangalia mmoja mmoja, watoto hawa aliowadhania hawajui kitu. Wiki nzima alikuwa amewafundisha irabu. Kumbe kuna jambo walilolisoma zamani, kila nyumba, kila asubuhi, naye alilipita mbio. Akaukumbuka ujumbe wa mwisho wa mama, ambao hakuujibu: *Shuka zako nimezifua.*

"Kitanda," akasema. "Kitanda cha mtoto aliyeondoka."

Sisimizi akafumbua macho. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeinuliwa mezani kabla hajashiba. "Chukua mji wako," akasema. "Ila mama wa huko kanisuka nusu tu."

Darasa zima likamgeukia. Upande mmoja wa kichwa nywele zilikuwa zimesukwa, mistari myembamba iliyonyooka. Upande wa pili zilikuwa timutimu, kama zilivyokuwa zote asubuhi ile.

Simu ikalia mkononi mwa Ticha.

"We mtoto!" mama akafoka kabla hajaamkiwa. "Mwezi mzima huulizi mzazi wako kaamkaje! Nimeteleza uani, mguu umevimba, nikasema nisikusumbue na kazi zako."

Ticha alicheka huku machozi yanamtiririka. "Shikamoo, mama. Jumamosi nakuja." Akamtazama Sisimizi, aliyekuwa akipapasa kichwa chake kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka pale mistari ilipokoma. "Mama, shangazi yake akikubali, nije na mtoto mmoja?"

Kule upande wa pili cherehani ikasimama.

"Mlete," mama akasema hatimaye, taratibu. "Ameondoka hata hakuniaga."