Kitabu Alichompa Baba Mkwe

Anastazia alikuwa na kitabu kimoja tu alichokisifia kwa kila mtu, na sifa zake zilikuwa hazina breki. Ukikutana naye bombani hapo Chanzuru, ukikaa naye benchi moja kanisani, lazima akuulize kama umeshasoma *Abiria wa Siti ya Kumi na Tisa*. Mwanamume anashuka basini kujisaidia, basi linaondoka, nyumbani hafiki. Mkewe na askari mstaafu wanamtafuta. Wanafuatwa, wanachomewa gari, na wewe msomaji ugali unaungua jikoni huna habari. Watu walimwacha aseme. Walijua kwa nini anakipenda, na nani angekuwa na roho ya kumkatiza?

Mume wake mwenyewe, Damiano, fundi wa matairi, alidandia lori pale Mikumi asubuhi moja kwenda Iringa kufuata vifaa. Hii ni masika ya tatu. Simu haipatikani. Polisi waliandika, wakachoka kuandika. Anastazia alizunguka Mikumi siku nne akiwa na picha mkononi, na siku ya nne, miguu imevimba, akakiona kitabu hicho kimetandazwa juu ya gunia kando ya barabara kuu. Alianza kukisoma palepale, amesimama.

Sasa baba mkwe wake, mzee Oswald, akamwita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Tumeongea kama ukoo. Jumamosi tutamzika Damiano."

Ukoo huo uliletwa Kilosa na kazi ya reli, enzi za mababu, na mababu walikuja na desturi yao: mtu akipotea asipatikane, huzikwa mgomba badala yake. Unavishwa sanda, unaombewa, unafukiwa. Baada ya hapo hakuna kumngoja tena. Mkewe ni mjane, yamekwisha.

"Mtu asiyezikwa hatulii," mzee alisema, "na sisi hatutulii."

"Baba, maiti haipo, kaburi la nini? Nakuomba kitu kimoja. Soma kwanza hiki kitabu, halafu uamue. Fika sura ya kumi na nne. Pale ndugu wote wameshakata tamaa, jeneza tupu limeshanunuliwa, mara simu inalia usiku. Mke anapokea. Anasikia, 'Mke wangu, ni mimi.' Baba, mimi hapo nimepasoma hata sijui mara ngapi. Nikipasoma ndipo naweza kulala."

Mzee alikipokea kwa mikono miwili. Alimhurumia, ndiyo sababu. Jumamosi ikapita bila mgomba kuguswa, na Anastazia akapika wali siku hiyo akiimba.

Kosa lake lilikuwa kumpa mzee kitabu hicho. Yeye hakuwahi kuvuka sura ya kumi na nne. Simu ikishalia alifunga kitabu akarudi mwanzo. Na alikuwa amempa baba mkwe, karani mstaafu wa stesheni ya reli, mtu aliyezeeka akisoma ratiba na barua za mizigo mpaka mhuri wa mwisho. Yule mzee husoma hata maandishi ya mfuko wa mbolea, yote, kidole kikifuata mstari. Wa kuishia katikati hakuwa yeye.

Siku ya kumi na moja alikuja mwenyewe kwa miguu, kitabu kimefungwa ndani ya gazeti. Alikaa kwenye kigoda, hakutaka hata maji.

"Kizuri," alisema. "Kimenisahaulisha dawa zangu."

"Nilikwambia, baba."

"Mwanangu, wewe hukufika mwisho."

"Nilifika panaponitosha."

"Ile simu..."

"Usiniambie. Nakuomba baba, usiniambie."

Mzee hakumwambia. Alikitoa kitabu gazetini. "Nilitaka sana iwe kama ulivyosema," alisema. "Zile kurasa za mwisho nimezirudia mara mbili, nikidhani macho yananidanganya."

Hapo akawa ameambiwa. Anastazia alimchukia mzee kwa muda mfupi, akamchukia aliyekiandika, akajichukia mwenyewe kwa kumtegemea mtu wa kwenye karatasi. Kisha hata chuki ikaisha, akabaki mtupu kabisa.

"Jumamosi basi," alisema.

Jumamosi wakaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Shemeji yake Bryson alishika panga, sanda imekunjwa begani, wanawake wamesimama pembeni.

"Mgomba hukatwa kwa kimo cha marehemu," mzee alisema taratibu. "Na kimo huonyeshwa na mkewe. Sogea, mwanangu. Alikuwa anafika wapi?"

Anastazia akasimama kifua kwa kifua na mgomba, kama alivyokuwa akisimama na mumewe akimfunga vifungo vya shati siku za Jumapili. Paji la uso wake lilikuwa linafika wapi? Kidevuni? Begani? Sauti ya Damiano alikuwa nayo, aliisikia kila usiku simu ya kitabuni ilipolia. Akatafuta mwili wake, hakuupata. Watu walikuwa wanasubiri. Akainua mkono, akaweka mahali.

Bryson akakata. Mgomba ukalazwa kwenye mkeka, wakaanza kuuviringishia sanda.

"Siyo hapo," Anastazia alisema. "Alikuwa mrefu kuliko huo. Au mfupi. Baba, sikumbuki."

Bryson alikuwa anafuta utomvu kwenye panga.