Kipande cha Chuma

Watu ambao Mwelu Ndeti aliwadharau hawakuwa wengi, ila aliowadharau aliwadharau kisawasawa. Alikuwa fundi wa amplifaya za Brenmoor, na kwa miaka thelathini na moja alizitengeneza katika chumba cha ghorofa ya pili, Barabara ya Luthuli. Nairobi nzima hakuna mwingine aliyekuwa na cheti cha kampuni hiyo.

Brenmoor ilikuwa kampuni ya Waingereza. Vyombo vyake vilikuwa vizito kama jiwe la kusagia, na mtu akinunua kimoja alikuwa amemnunulia na mjukuu wake. Zamani walimpeleka Mwelu kiwandani kwao miezi mitatu, na mzee mmoja mwenye mikono ya kutetemeka akamfundisha kulehemu upya, kana kwamba hajawahi kushika kifaa cha moto. Kisha waanzilishi wakafa. Watoto wakauza, aliyenunua akauza, na aliyenunua kwake akauza tena. Wamiliki wa sasa walikuwa watu wa uwekezaji, na mwaka walioinunua Brenmoor walikuwa wamenunua pia kiwanda cha magodoro.

Mtu wao hapa nchini aliitwa Lenox, meneja wa duka jipya la Kilimani, mwanamume wa miaka arobaini anayevaa viatu bila soksi. Alimpigia Mwelu simu siku ya Alhamisi.

"Madam Mwelu, Jumamosi tunazindua amplifaya mpya. Wateja wa zamani watakuja na mashine zao. Kazi yako ni moja tu, waambie hizo za zamani hazitengenezeki tena."

"Kwani zimepatwa na nini?"

"Spea zimesimamishwa. Wakubwa wameamua."

"Kusimamisha spea si kuua chombo."

"Madam, usinifanyie hivyo. Wewe njoo tu. Watu wanakuamini."

Alikwenda. Alijiambia anakwenda kujionea mwenyewe. Ukweli ni kwamba alitaka kumdharau Lenox kwa karibu.

Wageni walikuwa kama ishirini, glasi mikononi, wamezunguka amplifaya mpya iliyolazwa juu ya kitambaa cheupe kama maiti ya mheshimiwa. Muziki ulipopigwa, Mwelu alifumba macho. Besi ilikuwa imevimbishwa, na sauti ya mwimbaji nyepesi kama uji wa mgonjwa. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwanamke mmoja, Valarie, muuzaji wa nyumba, alisema hajawahi kusikia kitu safi namna hiyo, ilhali ameipa spika mgongo akijipiga picha.

Ndipo akaingia Mzee Odero, wakili mstaafu, na nyuma yake dereva wa teksi amebeba Brenmoor kuukuu iliyofungwa kwa blanketi.

"Fundi," alisema mzee, "upande wa kushoto umenyamaza. Hawa wameniambia ndiyo mwisho wake."

Mwelu alifungua kifuniko, akachungulia, akanusa. "Kapasita mbili, hivi vikopo vidogo vya umeme, zimevimba, mzee. Hata kwenye vibanda vya Dagoretti Corner utazipata."

"Anachomaanisha Madam ni kwamba..." Lenox alidakia.

"Ninachomaanisha nimeshakisema."

Lenox alicheka kwa meno tu. "Mzee, hebu inua hii mpya. Kitu ya maana unaijua kwa uzito."

Mzee Odero aliinua, akaguna kwa heshima. Mwelu naye akainua, na mikono yake ikakataa kuamini. Uzito wote ulikuwa umelala kona moja. Akatoa bisibisi mkobani.

"Madam, hiyo haifunguliwi!"

"Ina skrubu nne. Aliyeziweka alijua zitafunguliwa."

Ndani mlikuwa na kibao cha umeme kisichozidi kiganja, hewa tele, na kipande cha chuma kilichobanwa sakafuni, hakina hata waya mmoja.

"Hicho chuma ni cha nini?" Mzee Odero aliuliza.

"Ni cha kukufanya uamini, mzee."

Mtu alicheka nyuma. Mwelu alingoja waone aibu, wao au Lenox, yeyote. Valarie ndiye aliyesema: "Lakini inapendeza. Iko na rangi ya kijani?" Ilikuwepo. Kabla ya saa kumi watu wanne walikuwa wameagiza, na chuma bado kiko wazi mbele ya macho yao. Mwelu alikuwa amekuja na dharau ya kumtosha mtu mmoja. Aliondoka na ya chumba kizima.

Mzee Odero alirudi nyumbani na chombo chake, na wiki iliyofuata, Mwelu alipokibadilishia kapasita, kikaimba pande zote mbili. Mwelu akaletewa barua ya kufutiwa cheti, jina lake limeandikwa "Bwana Mwelu". Kufikia Desemba duka la Kilimani lilikuwa limefungwa, na Brenmoor ilikuwa ikitafutiwa mnunuzi wa nne. Lenox, alisikia, sasa anauza magodoro.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata akaja Carolyne, mwalimu wa kwaya kutoka Kinoo, na Brenmoor ya marehemu baba yake. Transfoma yake, ule msokoto wa waya unaopokea umeme, ilikuwa imeungua hadi ndani. Mwelu aliigeuzageuza muda mrefu. Kiwanda kilichoisuka hakikuwepo tena, na waya wa namna ile hakuupata popote.

"Hii siwezi, mama," alisema.

"Basi ninunue ile mpya yao?"

"Nunua redio ya kawaida. Redio haitakudanganya kwamba ni kitu kingine."

Carolyne alikubali, akaomba aiache pale, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kuibeba tena. Mwelu akaipangusa vumbi na kuipandisha kwenye rafu.