Waliochagua Karafuu

Asubuhi meli ya watalii ilipotia nanga Unguja, mwaka 1956, Msabah alikuwa ameshaletewa habari kwamba mama yake yu hoi huko Jambiani. Lakini yeye ndiye mtembezaji wao, akapanda melini kuwauliza wanataka kupelekwa wapi: shamba la karafuu au Jambiani.

"Jambiani kuna nini?" aliuliza bibi mmoja wa Kizungu.

Msabah alishindwa kumtaja mama yake. "Kuna pwani nzuri sana, bibi."

"Pwani tumeshachoka nazo. Tupeleke kwenye karafuu."

Mchana kutwa aliwachumia karafuu, akawanusisha, akacheka kila walipocheka.

Kesho yake alipofika Jambiani, dada yake Wanu alimpokea mlangoni.

"Tumeshamzika," alisema. "Jana alikuulizia mpaka alasiri."

Alasiri ile Msabah alikuwa akiwapiga picha.