Bonyeo Kwenye Titi la Mama wa Pichani

Mafundi wa kusafisha picha za kale hawazibi bonyeo kabla ya kulimulika kwa taa iliyowekwa ubavuni mwa picha, wajue kama ni kitambaa cha picha kilichobonyea au ni mkono wa mchoraji. Asubuhi ile, fundi alimmulika mama aliyechorwa akinyonyesha. Alikuwa ameshaondoa rangi iliyopakwa baadaye juu ya titi la kushoto, na chini yake likatokea bonyeo, ngozi imevutwa ndani, ina vitundu kama ganda la chungwa. Kitambaa kilikuwa kizima. Mchoraji alichora alichokiona.

Daktari aliyeitwa kutazama hakusitasita. "Saratani. Mtoto huyu hakulelewa na mama yake."

Fundi akamwombea marehemu kimoyomoyo, akarudi kazini.

Mchana dada yake akamletea chakula, sauti ikitangulia mlangoni. "Wewe, utakula au utawaogesha wafu mpaka jioni?" Akaisogelea picha, kisha akaangua kicheko. "Kumbe huyu naye analo!"

"Ana nini, dada?"

"Hili bonyeo! Langu liko hapa hapa." Akajigusa kifuani. "Na nilivyokosa usingizi! Kumbe ni maumbile tu, watu wanalo tangu enzi hizo, tena mwenzangu kachorwa nalo. Mungu ashukuriwe."

Pamba ya kusafishia ikamtoka fundi mkononi. "Lilianza lini?"

"Nilipomwachisha kitindamimba ziwa."

Kitindamimba sasa alikuwa shuleni, anang'oka meno ya utoto.

"Mbona hukuniambia?"

"Ili iweje? Wewe mtu akikohoa tu umeshapiga magoti." Dada akaendelea kuitazama picha kwa mapenzi, kama aliyempata ndugu aliyepotea. "Mzuri, eti? Aliishi sana?"

Fundi aliyewaombea majirani, wagonjwa asiowajua, hata marehemu wa asubuhi ile, alitafuta maneno kwa ajili ya dada yake asiyapate. Likamtoka moja tu, tena kwa sauti: "Ee Mungu."

Dada akageuka. Akamtazama usoni, na kicheko kikamkauka mdomoni. Akaketi taratibu kwenye kiti cha kazi.

"Mdogo wangu," akasema, "mwanangu hajui hata kujifunga kamba za viatu."

Fundi akamshika mkono. Kwa mkono wa pili akaizima taa iliyokuwa ikimmulika mama wa pichani.