Shamba la Machungwa la Kayenze

Siku Venant alipokata michungwa, dada yake Paskazia alikuwa Bujora kwenye harusi ya binti wa mama yao mdogo. Alikaa huko siku tatu. Alirudi Kayenze Jumatatu mchana, na kabla hajafika nyumbani alishaona kwamba kuna kitu hakipo. Kutoka barabarani alikuwa akiona maji ya ziwa, na haikuwahi kuwa hivyo. Siku zote miti ilikuwa inaziba.

Alitua mkoba wake chini, akaenda shambani mbio, na viatu vyake vya harusi miguuni.

Miti ilikuwa sitini na mitatu. Miche ya kwanza baba yao, marehemu Mihayo, alipewa na mapadri, lakini aliyeifanya iwe shamba ni Paskazia. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1978, akarudi kwao akiwa na miaka ishirini na sita, akajifunza kwa bwana shamba kazi ya kubebesha. Unaotesha mlimao mkali kwa mbegu, kwa sababu mizizi yake ni migumu na haifi ovyo. Ukifikia unene wa penseli, unachanja gamba lake karibu na ardhi na kupachika jicho, yaani chipukizi changa, la mchungwa mtamu. Pale panapoungana hubaki kovu maisha yote ya mti. Juu ya kovu ni chungwa. Chini yake ni limau.

Miaka kumi na sita alifanya kazi hiyo. Kila msimu watu walitoka mjini na vikapu vyao kuja kuchuma wenyewe, naye aliwafuata mti kwa mti, hakumwacha mtu achume bila kujua anachochuma. Aina ya Washington, aliwaambia, ni ya kumenya na kula papo hapo. Haina mbegu, lakini ukiikamua ukaiacha saa moja, juisi inakuwa chungu. Wa juisi asubiri Valensia, tena asiiguse kabla ya Julai kuisha. Chenza ni la watoto, lichumwe leo liliwe kesho, halikai. Danzi hakuna anayelila, ila masista walilifuata kila mwaka wakapike jemu. Mwenye mgonjwa aliyekataa chakula alipewa balungi. Na kwenye ndimu alikuwapo Mwaija wa Mirongo, mtengeneza achari, ambaye hakutaka ndimu nyingine yoyote ila za mti wa tano kutoka mwisho, zenye ganda jembamba, zichumwe zikianza tu kugeuka njano. Za kijani aliwaachia wanaokaanga samaki.

Sasa ilikuwa Agosti 1994, na Paskazia alisimama katikati ya visiki.

Mindimu iling'olewa. Midanzi, mibalungi na michenza vilevile, na mashimo yake yalikuwa bado na udongo mbichi. Michenza ilikwisha kuchomwa, moshi ulikuwa unatoka kwenye rundo la majivu. Mivalensia na miwashington ilikatwa kwa msumeno karibu kabisa na ardhi, na matawi yake yalilazwa pembeni, majani hayajanyauka vizuri.

Venant alitoka nyumbani akitembea polepole. Alikuwa mdogo wake wa pekee. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mjini kilipunguza watu mwanzoni mwa mwaka huo, akarudi nyumbani na godoro, redio, na rafiki mmoja aliyeitwa Josephat, aliyejitambulisha kuwa wakala wa kiwanda kipya cha juisi.

"Shikamoo dada. Usishtuke," alisema Venant. "Ni mpango mzuri. Siku hizi ni soko huria. Josephat anasema kiwanda kinataka chungwa la aina moja, miti inayolingana urefu. Hivi vindimu na madanzi vilikuwa vinakula nafasi tu. Na hii iliyobaki itachipua upya, itakuwa miti mipya."

Paskazia hakuitikia salamu. Alipiga magoti kwenye kisiki cha kwanza, akapapasa kwa vidole kuzunguka gamba. Akaenda cha pili. Akaenda cha tatu. Alipofika cha saba akasimama.

"Nani alikuambia ukate hapa?"

"Josephat. Alisema tukate chini ili..."

"Umekata chini ya kovu, Venant! Yote! Unajua kilichobaki humu ardhini ni nini? Ni limau! Limau kali, lenye miiba! Hata ukilimwagilia asali halitazaa chungwa!"

"Dada, mti ni mti. Mizizi ni ile ile."

"Kwa nini hukuniuliza? Siku tatu tu! Ulishindwa kunisubiri siku tatu?"

Venant alitazama pembeni. "Shamba ni la baba," alisema. "Na baba amefariki."

"Na mimi ni mtoto wa nani?"

"Wewe uliolewa, ukatoka. Usinilazimishe kusema mambo haya, dada. Unajua mwenyewe."

Panga lilikuwa limelala juu ya kisiki. Paskazia aliliokota, na Venant akarudi nyuma hatua tatu. Aliyaona macho ya dada yake, na baadaye alikiri kwa watu kwamba siku ile aliogopa kweli. Lakini Paskazia alimpita. Alikwenda kwenye rundo la matawi, akaanza kukata vijiti vyenye macho yaliyo hai, vya Valensia na vya Washington, akivitenganisha, akivifunga kwenye gunia alilolilowesha ziwani. Alikuwa akilia huku anakata, na kila Venant alipotaka kusema neno alimwambia, "Nyamaza."

Nyuma ya jiko alikuwa na miche ya milimao arobaini kwenye makopo ya mafuta. Jioni ile ile alianza kuibebesha.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Pius, akadai haki yake. Pius aliwaita wazee wa ukoo. Walimsikiliza kwa adabu, wakamsifia kwa kazi yake, kisha wakasema shamba ni la mtoto wa kiume.

"Basi msinisifie," Paskazia aliwaambia akiwa amesimama. "Sifa zenu nitazila? Miaka kumi na sita nilipokuwa natibu miti ile, hakuna aliyekuja kuniambia ni ya Venant. Mlikuja na vikapu. Wewe mzee ulikuja, na wewe pia. Leo ndiyo mmekumbuka kwamba mimi ni mwanamke?"

Aliondoka Kayenze na makopo yake arobaini. Mwaija, aliyesikia habari akaja mwenyewe na gari la kukodi, alikuwa na kiwanja chake Nyegezi kisichojengwa. "Panda humo, shoga yangu," alisema. "Mimi nimekasirika kwa ajili ya ndimu tu. Sijui wewe unalalaje."

"Silali," alijibu Paskazia.

Visiki vya Kayenze vilichipua kweli, na Venant aliwaonyesha watu kwa furaha. Vilichipua kwa nguvu, vikawa vichaka vyenye miiba mirefu. Matunda yalipotoka mwaka 1997 yalikuwa makubwa, yenye ganda la mabonde mabonde. Aliyapeleka sokoni akiyaita machungwa, na wanawake wa sokoni waliomenya wakaonja walimrudishia kwa kumtupia. Josephat hakuonekana tena. Kiwanda chake kilikuwa kinaagiza juisi nzito kwenye mapipa kutoka nje ya nchi, naye alishahamia biashara ya sangara.

Venant alimfuata dada yake Nyegezi. Alimkuta akipogoa miti iliyofika kifuani, mingine ikiwa na machungwa yake ya kwanza.

"Nimekuja kuomba unibebeshee shamba upya," alisema.

"Nusu iandikwe jina langu. Kijijini, mbele ya wazee wale wale."

"Dada, ukoo utanicheka."

"Nenda, basi. Kale malimau."

Alikwenda. Alirudi baada ya miezi miwili, amekonda, akasema amekubali.

Pius aliusoma mkataba hadharani: kuanzia jiwe kubwa la katikati hadi majini ni shamba la Paskazia Mihayo. Wazee walitia saini, mmoja baada ya mwingine, wakiangalia karatasi tu. Venant alisaini mwisho, akamnyooshea dada yake mkono. Paskazia hakuupokea.

"Hujawahi kuniambia pole," alisema Paskazia. "Miaka mitatu. Hata mara moja."

Watu wote walimtazama Venant. "Pole, dada," alisema mwishowe.

"Nimesikia."

Alichukua nakala yake, akaikunja, akaondoka.

Mvua za Novemba zilipoanza alikuja Kayenze na kisu chake na gunia la vijiti, akabebesha vichaka vya nusu yake, chipukizi kwa chipukizi, hadi mwisho. Venant alisimama mpakani siku nzima akisubiri. Jioni aliuliza, "Na upande wangu? Uliahidi."

"Niliahidi," alisema Paskazia akifuta kisu. "Sikusema mwaka gani."

Akaenda kunawa mikono ziwani.