Dakika Thelathini Zilizovaa Viatu

Mimi si mtu wa kuyumba. Nikishaamua nimeamua, na nikilala nalala kama gunia la mchele, siongei wala sigeuki. Hayo niliyasema jana jioni kwa kinyozi, mbele ya mashahidi saba na mmoja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa.

Usiku wa kuamkia leo nikaota.

Lakini kwanza mjue kuhusu barua mbili zilizokuwa chini ya mto wangu. Moja ilitoka kikosi cha anga cha akiba, ambako nimekuwa nikirusha ndege ya mizigo Jumamosi na Jumapili. Sasa walinitaka kwa kazi ya kudumu, kila siku, sare na yote. Nyingine ilitoka shirika moja la ndege za abiria. Zote zilitaka jibu kabla ya saa nne asubuhi ya leo. Kwa kinyozi nilishatangaza kwamba naenda shirika: hoteli, shati jeupe, begi lenye magurudumu. Mke wangu Tumpale aliposikia alisema tu, "Haya, kapteni." Na mimi si kapteni.

Basi, ndotoni nimesimama uwanja wa ndege, miguuni nina soksi tu. Mashine ya kukagua mizigo inanitazama.

"Weka kwenye trei simu, mkanda na uamuzi," inasema.

Naweka vyote vitatu. Trei inaingia, inatokea upande wa pili. Mashine inakohoa.

"Simu naiona. Mkanda nauona. Hapo pa tatu hapana kitu."

"Angalia vizuri. Nimeamua tangu jana."

"Kijana, mimi naona mpaka kijiko kilichosahauliwa ndani ya soksi, ndani ya kiatu, ndani ya begi. Uamuzi hamna. Pita, ila tembea polepole, wenzako wasijue."

Napita. Mlango unafungukia juu ya mawingu, na mbele yangu kuna foleni ya marubani. Inaanzia kwenye vidole vya miguu yangu, inapanda, inapita juu ya Mlima Rungwe, inalizunguka jua mara moja na kuendelea. Wote wamevaa mashati meupe, kofia kwapani. Sijawahi kuona watu wengi kiasi hicho wakiwa kimya kiasi hicho. Chini yao miji ya dunia nzima inapita taratibu, na hakuna anayeinama kuitazama. Naguswa mgongoni, nimebandikwa namba: 412.

"Shikamoo," namwambia wa 411, ambaye ndevu zake zinafika kwenye mkanda.

"Marahaba. Umeajiriwa leo?"

"Bado sijatia saini."

"Tia upesi. Hapa hawaangalii nani hodari, wanaangalia nani alitangulia. Huyu wa mbele yangu alinitangulia kwa robo saa, alipata teksi mapema. Nimekitazama kisogo chake miaka kumi na minne."

Mwenye kisogo anageuka kidogo. "Nilimpigia honi," anasema, "hakusikia."

"Na huko mbele kabisa kuna nini?"

Wa 411 ananyoosha kidole. Mbali, mahali ambapo mwangaza wenyewe unatoka, kuna kiti kimoja. Ni kiti cha kushoto, cha rubani mkuu. Hakuna taa juu yake lakini kinang'aa. Nakitazama mpaka machozi yananitoka, na wala sioni aibu, maana kila mtu kwenye foleni macho yake ni mekundu.

"Foleni inasogea lini?"

"Mmoja akifika umri wa kustaafu. Hukatwa keki."

Keki inakuja kutoka mbele, mkono kwa mkono. Inanifikia ikiwa sahani. Nashukuru, nampa wa 413, naye anashukuru. Tunasogea hatua moja.

"Je, nikitoka mara moja nikarudi?"

"Utarudi wa mia saba," anasema. Hasemi kwa ubaya. Anasema kama mtu anayekutajia saa.

Nainamia soksi zangu. Nikiinua macho niko kwenye benchi, nje ya banda la ndege la kikosi, na nyasi zina umande.

Kanuni ya kikosi chetu ni fupi: ukiitwa, uwe ndani ya ndege kwa dakika thelathini. Nilidhani ni maneno ya kwenye karatasi. Kumbe dakika zenyewe ndizo hizi hapa, zimekaa kwenye benchi kando yangu, thelathini kamili, zote zimevaa viatu na kufunga kamba.

"Tunakwenda popote utakapokwenda," inasema ya kwanza. "Sokoni, kanisani, harusini."

"Na chooni?"

"Tunasubiri mlangoni. Tukigonga, tunagonga kwa heshima."

"Mpaka lini?"

Zinatazamana. "Hilo hatukuambiwa. Tuliambiwa tu tufunge kamba."

Banda linafunguka, inatoka ndege yetu ya mizigo. Ni ileile ninayoirusha Jumamosi, yenye viraka ubavuni, ila leo imejifunga kitenge mkiani.

"Asajile mwanangu, panda," inasema. "Bonde la Lwika limejaa maji."

"Nina foleni, shangazi."

"Foleni itakuwepo. Paa la shule sijui."

Dakika zinasimama, zinaanza kukimbia moja baada ya nyingine. Ninapofunga mkanda wa kiti imebaki moja, inahema.

Tunaruka, na hapa sina mzaha. Maji yamelichukua bonde lote kisha yakatulia. Mbingu imeingia ndani yake, nzima, na mawingu yake. Ndege wa angani wanapita juu yetu na ndege hao hao wanapita chini yetu, kifudifudi na chali. Sijui tena nishike usukani kuelekea wapi.

"Shangazi, juu ni wapi?"

"Leo kote ni juu," inajibu, na injini zake zinashusha sauti kama mtu aliyeingia ibadani.

Katikati ya mbingu hizo mbili kuna paa la shule, na juu yake watu kama sitini. Hawapungi mikono. Wametandika shuka juu ya bati kutuonyesha pa kudondosha unga tuliowaletea, na kila pembe wameikandamiza kwa tofali. Shuka la bluu lenye maua ya njano. Ni la kwetu, tulipewa na mama mkwe siku ya harusi. Siulizi limefikaje huko. Mama mmoja ameinua uso, na kutoka huku juu naona kabisa kwamba hatazami ndege. Ananitazama mimi.

Mnara wa kuongozea ndege umesimama ndani ya maji, umekunja suruali mpaka magotini. Redio inafunguka.

"Asajile, una ruhusa ya mahali pamoja tu. Kikosi au foleni. Rudia."

Kwetu marubani, agizo la redio halijawa agizo mpaka ulirudie kwa sauti na mnara ukuthibitishie. Ukishathibitishiwa, hakuna mjadala.

"Nimepokea," nasema. "Mahali pote pawili."

"Si sahihi. Rudia."

"Nimepokea. Kikosi, lakini namba yangu nitunziwe."

"Si sahihi. Rudia."

Nageuza kichwa. Mbali, juu ya mawingu, wa 413 ameinua mguu mmoja mbele ya nafasi yangu. Haushushi. Ananisubiri kwa adabu. Nyuma ya vichwa vyao vyote kile kiti kinang'aa, na najua sitakikaribia tena namna hii. Nakitazama mara ya mwisho, nakiaga.

"Nimepokea," nasema, na sauti yangu inajaza bonde. "Kikosi. Naelekea kwenye shuka."

Kisha mnara, kwa sauti ya mwanamke aliyekatishwa usingizi, unasema, "Sahihi."

Wa 413 anashusha mguu.

Nikaamka. Saa mbili nilikuwa mezani, Tumpale ananimiminia chai. Mtu huota mengi, nikajiambia, na kwa kinyozi walishanisikia. Nikavuta barua ya shirika na kalamu.

"Kama nilivyosema jana," nikasema. "Mimi si mtu wa kuyumba."

"Na alfajiri ulisemaje?"

"Mimi siongei nikilala."

"Uliongea mara tatu. Kwanza ulitaka pote pawili, nikakwambia si sahihi. Kisha ukataka utunziwe namba, sijui namba gani, nikakwambia si sahihi. Ya tatu ilikuwa sahihi. Nikathibitisha, nikalala."

"Maneno ya usingizini hayahesabiwi."

"Ninyi wenyewe ndio mnaosema ikithibitishwa hakuna mjadala." Akaweka birika chini. "Hayo nimekusamehe. Nieleze hili."

Akachukua shuka la bluu, alilokuwa amelitoa kitandani akalifue, akalikunjua mbele yangu. Kwenye kila pembe palikuwa na alama ya tofali, nyekundu, bado mbichi.

"Asajile. Shuka langu ulilipeleka wapi?"

Nikavuta ile barua nyingine, ya kikosi, nikaanza kutia saini, angalau mikono ipate cha kufanya.