Shuka Haligusi Sakafu

Mkono wangu wa kulia uliacha kupanda siku ile ile tangi la mvuke lilipopasuka. Haukuvunjika. Waliupiga picha mara tatu, wakaniambia mfupa mzima, mishipa mizima, mzee nenda nyumbani. Nikawaonyesha: naunyanyua mpaka usawa wa kitovu, hapo unagoma kama punda aliyefikishwa darajani. Daktari akaandika kitu, akasema ni mshtuko. Neno dogo hilo kwa mtu aliyemzika mkewe ndani ya jeneza lililokatazwa kufunguliwa.

Tulikuwa madobi wa hospitali, mimi na mke wangu, miaka kumi na moja chumba kimoja. Kazi yetu ilikuwa kukunja. Mashuka yanatoka kwenye mashine ya kukaushia yana joto la kubabua vidole, watu wawili mnasimama uso kwa uso, kila mmoja kashika ncha mbili. Mnavuta, mnakung'uta, mnasogeleana mpaka ncha zikutane, mnarudi nyuma, mnasogeleana tena. Mashuka mia nne kwa zamu. Piga hesabu mwenyewe nimemsogelea mke wangu mara ngapi. Hakuna bwana harusi wa kunifikia.

Na kulikuwa na sheria ya meneja, imebandikwa ukutani kwa herufi nyekundu: SHUKA HALIGUSI SAKAFU. Likigusa, linafuliwa upya, na wote wawili waliolishika wanakosa mapumziko ya kula. Sisi tukaigeuza mzaha, maana ukishindwa kulia utacheka. Aliyeangusha shuka aliitwa mtandika sakafu wiki nzima, wenzake wanamwuliza asubuhi kama wageni wake wamelala salama. Mimi na mke wangu hatukuwahi kuitwa hivyo hata siku moja. Tulijivuna kwa hilo kama wengine wanavyojivunia nyumba ya ghorofa. Ujinga wa maskini ndio huo: anapewa kamba ya kufungwa, yeye anashindana na jirani nani kafungwa vizuri.

Tangi la mvuke lilikuwa nyuma ya ukuta. Valvu yake ilianza kupiga mluzi miezi miwili kabla. Fundi aliandika barua. Mke wangu naye, aliyefika darasa la saba wakati mimi nilikomea la nne, aliandika mara mbili kwa mkono wake akapeleka ofisini. Akajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Wenye viti vya kuzunguka hawakatai kitu, wanapokea tu. Siku ya mazishi walileta shada lenye utepe na mwakilishi mwenye miwani. Meneja mwenyewe alikuwa na kikao.

Sasa, ile siku naikumbuka yote mpaka karibu na mlipuko. Shuka lilikuwa la wodi ya wazazi, lina kiraka pembeni. Mke wangu upande wa ukuta, mimi upande wa mlango. Tumesogeleana mara moja, tumerudi nyuma. Akafungua mdomo akasema neno. Hapo pamekatika. Ninachokumbuka baada ya hapo, niko nje kwenye majani, watu wananimwagia maji. Neno sina. Nilibaki na mdomo wake tu, unafunguka na kujifunga, bila sauti.

Binti yetu ni mmoja. Wakati huo alikuwa mbali, kwa mume, na yeye na mama yake walikuwa hawasemeshani tangu wagombane kwenye simu kwa jambo la kipuuzi, nguo za mtoto sijui zilichelewa. Miezi saba hawakusemeshana, kila mmoja anasubiri mwenzake apige. Ndoa ilipomshinda akahamia kwangu na sanduku lake, na kila baada ya wiki mbili tatu alikuwa na swali moja.

"Baba, hujakumbuka alichosema?"

"Sijakumbuka."

"Sikusumbui. Nauliza tu."

Lakini najua sauti ya mtu anayeuliza tu. Hii haikuwa hiyo. Alitaka kujua kama mama yake alikufa na kinyongo naye.

Mwaka wa pili hospitali ikafungua chumba cha tiba ya mshtuko. Wakubwa walikata utepe, wakapigwa picha wakitabasamu. Binti yangu akaja na karatasi.

"Nenda, baba. Ni bure kwa waliokuwa wafanyakazi."

"Niende kwa nani? Aliyeniunguza ndiye anipulizie?"

"Wewe unataka mkono au unataka ugomvi?"

"Vyote viwili."

"Basi mimi nataka neno la mama. Nenda kwa ajili yangu."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikaenda.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mafaili. Ukutani bado ulionekana weupe wa pale makabati yalipokuwa yamesimama. Kitanda kimoja, viti vitatu, na waganga wawili wanaofanya kazi pamoja: kijana mrefu aliyesomea tiba ya Kichina ya sindano, na mama mmoja mnene, mpole, mwenye tiba ya Kizungu ya kutibu mwili bila dawa. Wagonjwa walishawabatiza. Kijana aliitwa Nungunungu. Mama aliitwa Mama Miguu, na sikukawia kujua kwa nini.

"Miguu yako iko wapi, mzee?" ndiyo salamu yake ya kwanza.

"Nimekuja nayo."

"Naona. Nauliza wewe unaisikia? Ikanyage sakafu, uniambie iko baridi au joto."

Nungunungu aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu, akafumba macho kama anayesikiliza redio ya jirani. Akahamia mkono wa pili. Akaniambia nitoe ulimi, nikautoa kama mtoto.

"Mapafu yamebeba huzuni," akasema. "Na ini limejaa hasira."

"Hilo la ini, daktari, hukuhitaji kwenda kulisomea ng'ambo. Hata marehemu bibi yangu angekuambia nimekatwa maini."

Akacheka mpaka sindano zikatikisika kwenye sahani. Nilimpenda kidogo hapo, sifichi.

Mama Miguu akanieleza mpango wao. Yeye kijana anafungua palipofunga, na yeye mama anakaa nami wakati kilichomo kinatoka, kisinizoe. Nikamwambia sina haja ya kitu kutoka. Nina haja ya neno moja liingie. Nikamsimulia habari ya mdomo wa mke wangu na ya binti yangu. Hakuniahidi.

"Mwili hutoa unachotaka wenyewe, mzee. Hauagizwi kama duka."

Siku ya kwanza ilikuwa balaa. Nungunungu alikuwa na majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene. Akayawasha, akayasogeza karibu na bega langu, eti joto lipenye. Joto lilipogusa ngozi niliruka kitandani na sindano zangu nane mwilini, nikajikuta korido, nguo ya ndani tu, wauguzi wananitazama. Kijana alinifuata akiomba radhi, uso umempauka.

"Nisamehe, baba yangu. Faili halikuandika kwamba ulikuwa kwenye mvuke. Limeandika ajali kazini."

Unaona? Hata jina la kilichomuua mke wangu walilifuta.

Hakuleta tena majani yale. Kila Jumanne nikawa naenda. Sindano mbili kila sikio, moja kati ya kidole gumba na cha shahada, nyingine nyayoni, moja katikati ya paji la uso. Zikishakaa, mwili unakuwa mzito kama gunia lililolowa, na Mama Miguu anaanza maswali yake ya chini chini. Nikitaka kumsimulia ile siku ananizuia.

"Usinisimulie. Niambie sasa hivi mwilini kuna nini."

"Jiwe."

"Wapi?"

"Kwapani."

"Kaa nalo. Usilifukuze."

Jumanne ya nne miguu ikaanza kutetemeka, kisha mapaja, kisha meno. Nikaona aibu. Nikamwambia natetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

"Uache utetemeke. Swala akimponyoka simba hutetemeka, kisha anarudi kula majani. Wewe siku ile ulizuia."

"Nilizuia?" Hasira ikanipanda hapo hapo na sindano zangu. "Mimi walinipeleka kuandika maelezo sina viatu, mke wangu bado yuko chini ya matofali. Wakanipa kalamu. Ningetetemeka saa ngapi?"

"Kweli," akasema. "Hukupewa nafasi." Ni mtu wa kwanza katika jengo lile kuniambia kweli.

Nyumbani binti yangu alikuwa ananisubiri mlangoni kila Jumanne, anajifanya anafagia. Nilitikisa kichwa, naye akaendelea kufagia palipokwisha fagiwa.

Jumanne ya saba Nungunungu aling'oa sindano za mikononi mapema, akaacha za masikioni. Mama Miguu akanisimamisha.

"Mkono huu ungekuwa huru, ungetaka kufanya nini?"

"Kumchapa meneja kofi."

"Haya. Nichape mimi hapa kiganjani."

Nikajaribu. Ukafika kitovuni ukagoma.

"Hautaki kuchapa," akasema. "Uache ufanye unachotaka."

Nikautazama kama mkono wa mtu mwingine. Vidole vikajifunga vyenyewe, gumba juu ya cha shahada, vinabana kitu kisichokuwepo. Mkono wa kushoto ukafanya vile vile. Nungunungu aliona kabla yetu. Akachomoa shuka la kitanda, akampa Mama Miguu ncha mbili, akanipa mimi mbili. Likanuka sabuni ile ile ya kwetu. Mama wa watu hakujua kukunja, alishika kama anayebeba maiti. Lakini nilipovuta, akavuta, na mikono yangu ikapanda. Ikafika kifuani, ikafika begani, na mdomo wa mke wangu ukafunguka na safari hii ulikuwa na sauti.

"Valvu imebadili mlio. Tuliachie, tutoke."

Sauti yake kabisa, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Nikasema asante Mungu. Na kabla asante haijaisha ikaja sauti ya pili, ambayo sikuitafuta, ambayo hakuna aliyeniuliza. Yangu.

"Tumalizie hili kwanza. Litagusa chini."

Naye akalivuta. Akanicheka kidogo kwa macho, akalivuta, kwa sababu nilimwambia. Mlipuko ukaja tukiwa tumerudi nyuma, mimi mlangoni, yeye ukutani.

Nililia kama ng'ombe. Mama Miguu alilitupa shuka akanishika viwiko.

"Miguu yako iko wapi, mzee? Niambie miguu yako iko wapi."

"Iko hapa," nikamwambia. "Yake iko wapi?"

Akanikalisha kitandani.

Nilipotulia, Nungunungu alikuwa ananitazama juu ya kichwa. Mkono wangu wa kulia ulikuwa huko, nimejishika utosini kama mwombolezaji, na sikujua ulifikaje. Alifurahi mpaka macho yakamlowa. Akaandika kwenye faili. Wiki ile ile akaja karani wa ofisi na kamera, anataka nisimame ukutani niunyooshe, picha iende kwenye taarifa ya mwaka ya wakubwa. Nilimwambia apige picha kaburi. Lakini hilo ni baadaye.

Siku ile nilirudi nyumbani taratibu. Nilivua koti, nikalitundika msumarini kwa mkono wa kulia bila kufikiri. Binti yangu akaangusha ufagio.

"Baba! Mkono!"

Akanikumbatia. Nikamsikia moyo wake unavyopiga. Kisha akarudi hatua moja.

"Na neno?"

Uongo nilikuwa nao tayari. Nilikuwa nimeubeba njia nzima: alikutaja wewe, alisema nimpigie mwanangu. Ungemkaa vizuri. Lakini mimi nimedanganywa miaka miwili mizima na waongo waliosoma, najua ladha yake.

"Alisema valvu imebadili mlio. Alisema tutoke."

Akafumba macho. "Kwa hiyo alijua," akasema. Halafu uso ukamlainika kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, maana hapakuwa na kinyongo chochote mle, palikuwa na mama anayetaka kuishi. Ningenyamaza hapo. Akafumbua macho.

"Na wewe ulimjibu nini?"

Sikutegemea. Nikakaa kwenye kiti.

"Nilimwambia tumalizie shuka. Lisiguse chini."

"Shuka, baba?"

"Ilikuwa sheria, mwanangu."

"Shuka."

Nikamweleza. Herufi nyekundu, mapumziko ya kula, barua mbili za mama yake zilizopokelewa, meneja na vikao vyake. Yote ni kweli na nayasema mpaka leo: aliyeweka kitambaa juu ya roho za watu ndiye aliyemuua mke wangu, na nikifa muandike hivyo hivyo. Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Lakini alikuwa ananitazama vile ninavyomtazama meneja.

Hakugomba. Alipika, tukala, akaosha vyombo. Asubuhi ya pili akaniambia anarudi alikotoka, atatafuta kazi huko huko, mume ni mume. Mume yule yule. Nikamwambia sawa.

"Nishushie sanduku," akasema. Lilikuwa juu ya kabati, yeye hafiki.

Nikaunyoosha mkono wa kulia, nikalishusha. Lilikuwa jepesi, bado halina kitu ndani. Nikaliweka kitandani, nikatoka nje ili apange nguo zake.